Sauti Iliyowekwa Mahali Pangu

Mwanamke aliyenifundisha kazi hii ndiye aliyeninyang'anya. Nimeiandika sentensi hiyo mara nyingi na kuifuta, kwa sababu nusu yake ya kwanza ni kweli kama ya pili, na sipendi mtu amchukie kabla hajamjua.

Alikuwa ofisa maendeleo ya jamii, mzaliwa wa kanda ya ziwa, aliyehamishiwa Nachingwea katikati ya miaka ya tisini. Watumishi wengi walioletwa kwetu waliishi na masanduku yaliyofungwa, wakisubiri barua ya uhamisho. Yeye alifungua yake yote wiki ya kwanza, akachimba matuta ya mchicha nyuma ya nyumba, akaanza kuzunguka vijijini kwa baiskeli akiuliza watu maswali. Miaka michache baadaye mji mzima ulimwita Mama wa Kituo, nami nitamwita hivyo hapa.

Mimi nilizaliwa Ruangwa, kwa wakulima wa korosho na ufuta. Nyumbani tulizungumza Kimwera. Kiswahili nilikutana nacho darasani, na katika redio ya baba, ambayo betri zake zilianikwa juani kila mchana ili zipate nguvu ya kusikiliza taarifa ya habari. Sekondari nilisoma Nachingwea, nikikaa kwa shangazi. Nilipomaliza kidato cha nne matokeo hayakutosha kuendelea, nikapata kazi ya kuchapa barua katika duka moja karibu na soko. Nilikuwa na taipureta yenye herufi ya r iliyokatika, kwa hiyo kila r niliijazia kwa kalamu.

Siku moja aliingia mama mrefu, kitambaa cha kichwani kimefungwa haraka haraka, akanipa kurasa nane za mwandiko wa mkono. Yalikuwa maombi kwa wafadhili: kituo cha habari, kompyuta tatu, vinasa sauti viwili. Niliposoma ukurasa wa nne nilisimama.

"Mama, hapa umesema wanawake wa vijijini watasikilizwa. Huku nyuma umesema watafundishwa. Ni lipi?"

Aliniangalia kama mtu aliyeitwa jina lake mahali asipojulikana.

"Wachapaji hawasomagi wanachochapa," alisema.

"Mimi nasoma."

"Basi futa 'watafundishwa'. Weka 'watasikilizwa' kote."

Fedha zilipopatikana palizuka ugomvi wa chumba. Kilikuwa chumba kimoja katika ghala la zamani, na mfanyabiashara mmoja alikitaka kwa ajili ya magunia yake ya korosho. Mama alinichukua kwenye kikao cha halmashauri nikaandike kumbukumbu. Mjumbe mmoja, mzee mwenye sauti nzito, alisimama akasema mashine za namna ile zinahitaji mwanamume wa kuzisimamia, na mama abaki kuwa mlezi.

"Mlezi wa nini?" Mama aliuliza. "Kompyuta hazinyonyi."

Ukumbi ulicheka, hata mzee mwenyewe. Mama hakucheka. Alinyoosha mkono mbele ya mwenyekiti na kuuacha pale, wazi, mpaka alipowekewa ufunguo.

Nikaacha kuchapa barua, nikawa mtu wa kwanza kuajiriwa kituoni. Alinifundisha kila kitu. Alinivalisha hedfoni, akanionyesha sauti yangu kwenye skrini, milima na mabonde ya rangi ya kijani, na jinsi ya kukata kikohozi bila kuacha kovu. Nilipojisikia mara ya kwanza nikisema "habali za asubuhi" nilitaka kujificha chini ya meza. Kwetu r na l hazikai vizuri mdomoni, na pale zilikuwa zimenaswa milele.

"Nirekodi tena, mama. Nimekosea."

"Usirekebishe," alisema. "Mtu wa kijijini, wa Marambo, akikusikia atajua anayezungumza ni wa kwao. Redioni wamejaa watu wa Dar es Salaam. Wewe zungumza hivyo hivyo."

Sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kunipa kitu kikubwa kama maneno hayo. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Kuanzia siku hiyo nilizungumza hivyo hivyo.

Tulitengeneza vipindi vya nusu saa. Tulivichoma kwenye diski, tukavipa makondakta wa basi la Lindi wavifikishe kwenye kituo cha redio, na baadaye, intaneti ilipofika kwa njia ya simu, tukaviweka kwenye tovuti. Kupandisha kipindi kimoja kulichukua asubuhi nzima, na simu ikilia kila kitu kinakatika tunaanza upya. Lakini vijana wa kwetu waliokuwa wakisoma mbali walituandikia. Mmoja alisema amesikia kipindi tulichorekodi kijijini Mtua akalia maktabani, kwa sababu alimtambua jogoo wa jirani yao.

Kipindi nilichokipenda kuliko vyote nilikirekodi Kilimarondo. Nilipanda lori la mahindi, nikafika kwa mjane mmoja ambaye wazazi wake walitoka Msumbiji. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kimechanganyika na Kimakua, na tembo walikuwa wameingia shambani kwake mara tatu msimu ule. Tulikaa chini ya dungu analolindia shamba. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili kama mchi. Kwanza alijinyoosha, akataja jina lake, la baba yake na la babu yake, na kijiji alichozaliwa ng'ambo ya Ruvuma. Kisha akasimulia jinsi anavyopiga debe mpaka mikono inakufa ganzi, na tembo wanamtazama tu wanaendelea kula.

"Anakula mahindi dakika kumi," alisema. "Mimi nakula njaa mwaka mzima."

Nilipokuwa nakunja waya aliniuliza, "Jina langu utalipeleka?"

"Nitalipeleka, bibi."

Nilikikatakata kipindi kile siku tatu. Kilizidi muda, nikaondoa sehemu ya mwanzo alipokuwa akijitambulisha, nikaanza moja kwa moja na debe. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akavua hedfoni taratibu, akaniambia, "Binti, hii sasa si kazi ya mwanafunzi."

Miezi michache baadaye mimi mwenyewe nilifungua barua pepe iliyoleta balaa. Shirika moja la Dar es Salaam lilikuwa linatoa tuzo kwa wanawake wanaoongoza katika habari za kidijitali, na kwa vipaji vinavyochipukia katika kazi hiyo. Neno kidijitali lilikuwa geni kwetu. Nilimuuliza Mama maana yake.

"Ni sisi," alisema. "Ni mashine hizi na sisi tunaozikalia."

Kiongozi alitakiwa kupendekezwa na mtu anayefanya naye kazi. Chipukizi alitakiwa kupendekezwa na kiongozi wake. Tukagawana bila hata kujadiliana: mimi nitamwandikia yeye, yeye ataniandikia mimi. Niliandika kurasa tatu. Niliandika juu ya mkono ule uliosubiri ufunguo. Niliandika kwamba alikwenda Marambo na kurudi kwa baiskeli siku ya mvua kumrudishia mwanamke mmoja picha yake kwa sababu alimwahidi. Sikuongeza chumvi hata punje. Nilimpa, akaisoma akiwa amesimama dirishani, akanipa mgongo muda mrefu.

"Yangu nimekwisha kuiandika," alisema. "Nimeiweka kwenye bahasha pamoja na diski. Ukituma ya kwako, tuma zote."

Bahasha ilikuwa imefungwa kwa gundi. Niliibeba mwenyewe mpaka posta.

Kabla ya hapo, wakati wa likizo, mpwa wake alikuwa amekuja kutoka Dar es Salaam. Alikuwa amemaliza kidato cha sita, mcheshi, mwenye sauti laini inayoteleza. Tulipatana. Nilimfundisha kukata sauti, naye alinifundisha misemo ya vijana wa mjini, akicheka nilivyoitamka. Mama alisema kipindi cha tembo kitapelekwa mashuleni, na walimu wangependa kisomwe kwa Kiswahili kilichonyooka, kwa hiyo mpwa wake asome yale maelezo niliyokuwa nimeyasoma mimi. Sauti ya mjane ingebaki. Niliona ni sawa. Nilimwekea yule binti kipaza sauti, nikamwonyesha pa kupumzika, nikabonyeza kitufe cha kurekodi kwa kidole changu.

Majina ya washindi hayakutangazwa mapema. Shirika liliandika tu kwamba kituo chetu kimeshinda tuzo zote mbili, na kwa kuwa ni kituo pekee cha kijijini, sherehe itafanyika kwetu, Nachingwea, katika ukumbi wa chuo. Tulipiga kelele mpaka muuza maandazi akaja kuuliza nani amefariki. Mama alinikumbatia. Hilo ndilo ninalolirudia sana: alinikumbatia, na mikono yake haikuwa na wasiwasi wowote.

Nilituma ujumbe Ruangwa. Mama yangu mzazi, ambaye hakuwa amewahi kuingia ukumbini isipokuwa siku ya kupiga kura, alikuja na basi la asubuhi. Alivaa kanga mpya ambayo bado ilinuka duka, na alikuwa amebeba karanga za kukaanga kwa ajili ya Mama wa Kituo. Nilimkalisha safu ya tatu. Mimi nilikaa pembeni yake, kwenye kiti cha ukingoni, ili nitoke kwa urahisi nikiitwa.

Mama wa Kituo aliitwa kwanza. Mtoa tuzo, mama mmoja mwenye miwani, alisoma sehemu za barua yangu kwa sauti. Ukumbi ulisikia habari za mkono na ufunguo, wakapiga makofi, na mimi nikapiga kuliko wote. Kisha akasema kwamba sasa ni zamu ya chipukizi, na kabla ya kumtaja, tusikilize kazi yake.

Debe likalia kwenye spika. Nililijua pigo kwa pigo. Halafu ikaja sauti inayoteleza, ikisoma maneno yangu.

Nilidhani wamekosea diski. Kweli nilinyanyuka kidogo nikawaambie wameweka ile ya mashuleni. Mama yangu alinivuta mkono. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini masikio yake yalikuwa mazima, na aliniuliza kwa Kimwera, bila kunong'ona, "Mbona siyo sauti yako? Uliumwa?"

Ndipo likatajwa jina la mpwa. Alipanda jukwaani akitazama chini. Nitasema ukweli juu yake: hakuonekana mwenye furaha. Alipokea kioo kilichochongwa kama mche, akashukuru watu wawili, akashuka. Mama wa Kituo alikuwa akipiga makofi, macho yake yakipita juu ya vichwa vya watu mpaka ukuta wa nyuma. Hayakufika safu ya tatu.

Sikumweleza mama yangu ukweli. Nilisema kumekuwa na mabadiliko. Chakula kilipoandaliwa aliniomba nimwonyeshe Mama wa Kituo, akampelekea karanga kwa mikono miwili huku amepiga goti kidogo, kama tunavyofanya. "Ahsante kwa kumlea," alimwambia. Mama wa Kituo alizipokea.

Kesho yake asubuhi nilimpandisha mama basi la Ruangwa, nikaenda kituoni. Mama wa Kituo alikuwa peke yake, anafuta vumbi kwenye kompyuta ambazo hazikuwa na vumbi.

"Kaa," alisema.

"Nitasimama."

"Wale waamuzi ni watu wa mjini. Wangesikia hiyo lafudhi yako dakika ya kwanza, wangezima. Kazi ingekufa. Nimeiokoa kazi, binti."

"Wewe ndiye uliyeniambia nizungumze hivyo hivyo."

"Kwa watu wa Marambo, ndiyo. Hawa siyo watu wa Marambo."

Nilimuuliza kama kwenye bahasha niliyoibeba mpaka posta jina langu lilikuwemo hata mara moja. Alisema limo, kama msaidizi wa ufundi. Alisema mpwa wake ni yatima wa dada yake, hana mtu, na tuzo ile ingemfungulia mlango wa chuo. Mimi ninaye yeye, alisema, na kituo kipo, na tuzo zitakuja nyingine.

"Ungeniambia," nilisema. "Ungeniomba, mama. Huenda ningempa."

Hapo ndipo alipokasirika, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Nimepigana na wanaume wa mji huu miaka yote, leo na wewe unanipinga? Unajua nimebeba nini?"

Nilijua. Nilikuwa nimekiandika kurasa tatu.

"Ile barua yangu," nilisema, "uliisoma yote?"

Alikaa. Kitambaa cha kufutia kilikuwa bado mkononi. "Nililia nilipoisoma," alisema. Nikaona kwamba ni kweli, na kwamba siku ile dirishani alipoisoma na kulia, bahasha ilikuwa imekwisha kufungwa, naye hakuifungua.

Nilimwachia ufunguo wangu juu ya meza.

Sikwenda moja kwa moja nyumbani. Kulikuwa na jambo la kumalizia Kilimarondo. Nilijiambia nakwenda kumweleza mjane nilichofanyiwa, kwa sababu sauti yake ilikuwa imetumika pia. Ukweli nadhani nilitaka mtu wa kunihurumia. Nilibeba redio kaseti na kanda mbili, ya sauti yangu na ya sauti ya mpwa. Tulikaa palepale chini ya dungu. Nilimchezea ya mpwa kwanza, nikamweleza yote. Alisikiliza akipukuchua mahindi. Kisha nikamchezea yangu, ile halisi.

Ilipokwisha alisubiri kidogo, kama anayedhani bado inaendelea.

"Na jina langu?" aliuliza.

Nilijaribu kusema juu ya muda, kwamba redio inatoa dakika zake, kwamba mwanzo ulizidi. Nilijisikia ninavyozungumza. Maelezo yangu yalikuwa mazuri, yamepangika, na kila neno lilikuwa la kweli.

"Ulisema utalipeleka," alisema.

"Nilisema, bibi."

"Watu wa huko wamesikia mama mmoja tu anapiga debe." Alitupa gunzi pembeni. "Mama kama huyo wapo wengi."

Hakunifukuza. Alinipa muhogo wa kuchemsha tukala, na lori lilipopita barabarani alinisindikiza mpaka njia panda. Ila kipaza sauti cha ile redio kaseti, ambacho nilikuwa nimekileta nikitumaini turekodi tena, alikataa kukishika. Alisema ana kazi. Nimefika Kilimarondo mara mbili baada ya hapo, na mara zote mbili alikuwa na kazi.

Nilirudi Ruangwa. Kwa miaka kadhaa nilichapa barua tena, safari hii kwa kompyuta ya mtumba niliyoikodi kibandani karibu na stendi, na umeme wa jenereta la jirani. Nilipoweza nilinunua kinasa sauti kidogo, nikaanza kurekodi akina mama wa ufuta na wachimbaji wadogo, nikiweka vipindi kwenye blogu ambayo wasomaji wake wengi walikuwa watu wa Ruangwa waliotawanyika. Kila kipindi kinaanza na mtu kutaja jina lake, la baba na la babu. Wengine wanachukua dakika mbili nzima. Siwakati. Rafiki mmoja wa redio aliniambia wasikilizaji wa siku hizi hawana subira na mianzo ya namna hiyo, na nadhani yuko sahihi.

Mpwa aliniandikia mara moja kutoka chuoni. Barua pepe fupi, inayosema alidhani naelewa, kwamba shangazi alimwambia nimekubali. Hapo alikosea neno, kwa sababu yule ni mama yake mdogo au mkubwa, si shangazi, lakini watu wa mjini huita wote hivyo. Nilimjibu kwamba sikuwa nimekubali. Hakuandika tena, nami sikumlaumu.

Mama wa Kituo alipata uhamisho mwishoni mwa miaka ya elfu mbili. Niliposikia kuna sherehe ya kumuaga nilisita, kisha nikapanda pikipiki mpaka Nachingwea. Wanawake walikuwa wengi kuliko viti. Walikuja kutoka Mtua, Marambo, na hata mbali zaidi, na wengi walisimama wakaeleza walivyokuwa hawajui kuzungumza mbele za watu mpaka yeye alipowawekea kipaza sauti mdomoni. Walisema kweli. Hakuna aliyeongeza kitu. Yule mjumbe mzee mwenye sauti nzito alisimama pia, akaomba radhi kwa maneno aliyosema zamani kuhusu mlezi, na watu wakampigia vigelegele.

Waliponiona waliniomba na mimi niseme. Nilisimama. Nilisema kwamba mwanamke huyu ndiye aliyenivalisha hedfoni mara ya kwanza, na kwamba kila kitu ninachokijua katika kazi hii nilikipata kwake. Nilikusudia kuendelea. Nilikuwa nimejiandaa njiani, juu ya pikipiki, sentensi moja baada ya nyingine, mpaka ile ya bahasha. Nikakaa.

Wakati wa kupeana mikono aliushika wangu kwa muda. Nywele zake zilikuwa zimeota mvi pembezoni na alinukia mafuta ya karafuu, yaleyale ya siku zote.

"Bado unafanya kazi?" aliuliza.

"Ninafanya."

"Kwa sauti yako?"

"Kwa sauti yangu."

Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, akaniachia mkono, akamgeukia mtu aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni.